Daftari la Hapana

Mwalimu aliogopa lifti, mitungi ya gesi, mbwa waliolala, na ziwa. Ziwa ndilo aliloliogopa kuliko vyote. Aliishi Bujumbura miaka yake yote, mji ambao ukigeuza shingo tu unaliona ziwa limelala pale chini, naye alijizoeza kukaa akiwa ameligeuzia mgongo. Siku moja tulikuwa tunakula samaki kwenye kihoteli kilicho karibu na bandari, upepo ukaleta wimbi dogo likapiga ukuta wa nje. Mwalimu akasimama na sahani yake mkononi, akatoka, akaenda kumalizia chakula upande wa barabarani. Mhudumu alibaki mdomo wazi. Nilipomfuata aliniambia bila haya, "Mi naogopa. We rudi ukule."

Sijakutana na mwanamume mwingine mjini kwetu anayelisema neno hilo waziwazi. Wanaume wa Bwiza, mtaa wetu, huogopa kama watu wengine, ila hupandisha sauti ili isijulikane. Mwalimu alilisema kama anayetaja namba ya kiatu chake. Watu walimcheka, na mimi nilimcheka kuliko wengi, kwa kuwa nilikaa naye siku nzima na nilikuwa na nafasi. Leo mimi ndiye ninayeamka kitandani kwenda kuhakikisha kwamba jiko limezimwa, na sioni tena cha kuchekesha.

Jina la Mwalimu lilimbakia kutoka shule ya ufundi, alikofundisha umeme muda mrefu kabla sijamfahamu. Waliosoma kwake wanasema alianza kila somo na maiti. Aliingia darasani, akafuta ubao, akasimulia jinsi fulani alivyokufa: huyu alishika nondo yenye unyevu, yule alidhani mwenzake amezima swichi. Hakutaja majina, lakini alieleza hali ya viatu vyao. Baada ya hapo ndipo aliandika fomula. Wanafunzi wake wengi ni mafundi hapa mjini hadi leo, na wote wana vidole kumi.

Mkoba wake ulikuwa na tochi, filimbi, mishumaa miwili na nakala ya kitambulisho iliyofungwa kwenye plastiki, ili maji yakimpata atambulike. Harusini alikaa kando ya mlango, viatu miguuni. Lakini mtu huyohuyo alinunua mishikaki kwa muuzaji yeyote bila kuuliza nyama imetoka wapi, na alishika nyaya zenye umeme kwa vidole vitupu huku anazungumza mambo mengine. Mara ya kwanza nilipomwona akifanya hivyo nilipiga kelele. Alinitazama kwa mshangao.

"Umeme haina unafiki," alisema. "Ukikosea inakupiga palepale, unajua. Mi naogopa kitu yenye inangoja."

Nilifika kwake nikiwa nimemaliza chuo, nina diploma ya informatiki, yaani mambo ya kompyuta, na sina kazi. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vitenge, nasi tulitenganishwa na duka kwa pazia tu. Mwenye duka tulimwita Mama Vitenge. Alikuwa mwanamke mwenye sauti ya kuvunja bei, na alipokuwa anabishana na mteja hatukuweza kusikilizana. Upande wa pili kulikuwa na baa iliyoanza muziki saa nne asubuhi. Katikati ya vurugu hiyo Mwalimu aliweka kiti chake mlangoni kabisa, ili akiamua kukimbia asipoteze hatua.

Kazi tuliyokuwa nayo ilitoka bandarini. Wenye meli za mizigo, zile zinazokwenda Kigoma na upande wa Kongo, walikuwa wamechoshwa na jambo moja. Maji huingia tumboni mwa meli polepole, chini ya mifuko ya saruji, na hakuna anayejua mpaka meli inapoanza kuinama. Walitaka kisanduku kidogo kitakachokaa kule chini, chenye waya wa kupimia maji, kipige king'ora maji yakipanda. Aliyetupeleka kwao ni kaka yangu, baharia kwenye mojawapo ya meli hizo. Kwa mama tuko wawili tu, yeye na mimi. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza nilijua nani atakuwa juu ya maji kile kisanduku kikifanya kazi, na nani atakuwa juu ya maji kisipofanya.

Ndani ya kisanduku mlikuwa na kompyuta, ingawa ukiiona hungeiita hivyo. Prosesa yake ilikuwa ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba na kumbukumbu yake ilikuwa finyu mno. Kompyuta yoyote, hata ya aina hiyo, inahitaji kerneli, yaani ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo, inayoamka kwanza na kuzungumza na kila kipande cha chuma. Kerneli kamili imetengenezwa iweze kuzungumza na kila kitu duniani: printa, kamera, kibodi, vitu ambavyo Bujumbura havijafika. Haingii kwenye chipu ndogo hata kidogo. Lazima uipunguze, na njia ya kuipunguza ni kujibu maswali. Inakuletea orodha ya maswali maelfu, kila swali linauliza kama unataka kitu fulani kiwemo, na wewe unajibu ndiyo au hapana. Kila hapana inakupa nafasi.

Mtu mwingine angekaa na kahawa yake akamaliza kwa siku mbili. Sisi ilituchukua miezi. Mwalimu alikuwa na sheria kwamba hakuna hapana inayotolewa na mtu mmoja peke yake. Wawili wakae, mmoja asome swali kwa sauti na kueleza maana yake, mwingine ajibu. Akijibu hapana, msomaji anauliza, "Nani atalia?" Maana yake, tukikitoa kitu hiki halafu kikahitajika, ni nani atakayelia? Na hukuruhusiwa kujibu kwamba kisanduku kitaharibika, au kazi itakwama.

"Apana, taja mutu," alikuwa akisema. "Kisanduku hailiagi."

Basi tukawa tunataja watu. Swali la printa, nani atalia? Hakuna. Swali la usukani wa michezo ya kompyuta, nani atalia? Watoto wa jirani, na hao watanyamaza. Swali la saa ya ndani ya chipu, nani atalia? Mke wa nahodha, kwa sababu bila saa hatutajua maji yalianza kuingia lini. Saa ikabaki. Kila hapana iliandikwa kwenye daftari kubwa lenye jalada la bluu, lililogawanywa kwa rula safu nne: swali, jibu, jina la aliyejibu, na nani atalia. Mimi nilipoumwa, au yeye alipokwenda mjini, aliyebaki alimwita Mama Vitenge kutoka nyuma ya pazia aje asikilize na kujibu. Hakuelewa hata neno moja na alijibu kwa ujasiri mkubwa. Mwalimu hakujali. Kwake, aibu ya kulitamka jambo mbele ya mtu mwingine ndiyo iliyofanya kazi. Mara mbili nilijikuta nikifuta jibu langu mwenyewe katikati ya kumweleza mama yule, kwa kuwa nilisikia jinsi lilivyo la kijinga.

Nisimfanye mtakatifu, maana hakuwa. Alificha sukari kwenye boksi la misumari ili nisiweke vijiko vitatu. Akishindwa dama alisukuma ubao na kusema taa ni hafifu. Na alikuwa mwongo wa mambo madogo kupita kiasi: umri wake ulibadilika kila mwezi, na mpira tulioutazama sisi sote alisimulia magoli ambayo hayakufungwa. Mama Vitenge alimwambia usoni, "We muzee, siku utasema ukweli mvua itanyesha kiangazi." Alicheka hadi akakohoa. Ila kwenye daftari la bluu hakuandika uongo. Nilimwona akirudi kurasa kumi nyuma kurekebisha jina, kwa kuwa alikumbuka jibu lilikuwa langu na si lake, ingawa lilikuwa jibu sahihi na angeweza kulichukua.

Kitu kimoja hakikujadiliwa kama kitatoka au kitabaki. Wataalamu wa Kifaransa wanakiita mbwa wa ulinzi, na Mwalimu, ambaye mbwa hakuwataka hata kwa jina, alikiita zamu, kama tunavyomwita mlinzi wa getini. Kazi yake ni rahisi. Programu inatakiwa kumsalimu zamu kila baada ya sekunde chache. Salamu zikikatika nusu dakika, zamu anaamini wenye nyumba wamekufa, anazima kila kitu na kukiwasha upya. Kompyuta zote huganda, hata kubwa. Ya nyumbani ikiganda unaona, unaibonyeza. Iliyo tumboni mwa meli ikiganda hakuna wa kuibonyeza, na taa yake ya kijani inaendelea kuwaka vizuri kabisa. "Zamu ndiyo inanipa usingizi," Mwalimu alisema.

Siku ya kufunga visanduku vitatu vya kwanza haikuwa mbali nilipokosea. Ilikuwa Ijumaa. Wakala wa wenye meli alikuwa anakuja alasiri kuvichukua, na kerneli ilikuwa imezidi nafasi, kidogo tu, kiasi cha kuudhi. Mwalimu alivaa kofia yake akaenda msikitini. Aliniambia, "Ningoje," nikaitikia.

Sikumngoja. Nilifungua orodha nikaanza kutafuta cha kutoa. Nikaona swali la chipu ya kuchaji betri. Visanduku vyetu havikuwa na betri, vilivuta umeme wa meli moja kwa moja. Nikajiuliza kimoyomoyo nani atalia, nikajijibu kimoyomoyo hakuna. Nikaweka hapana. Kerneli ikaingia na nafasi ikabaki. Nilipiga makofi peke yangu mle chumbani, nakumbuka sana, nikamwaga chai.

Mwalimu aliporudi aliuliza, "Imeingia?"

"Imeingia."

"Ulisoma na nani?"

"Na Mama Vitenge."

Mama Vitenge alikuwa hatua nne kutoka pale, anagombana na mteja juu ya urefu wa kitenge. Ilitosha Mwalimu aite tu. Alinitazama kidogo, akavua kofia, akaniomba chai, nami nikamwambia imemwagika. Sikuandika kitu kwenye daftari. Nilijiambia nitaandika Jumatatu.

Jumatatu hiyo tulikwenda bandarini. Mwalimu hakupanda meli hata moja, nilifunga mimi. Yeye alibaki nchi kavu, mbali na ukingo, akawaita mabaharia wamzunguke. Nilimsikia kutoka chini nikiwa nakaza skrubu. Alikuwa anawaeleza mtu anavyokufa tumboni mwa meli: jinsi mifuko ya saruji inavyohama upande mmoja, jinsi mlango unavyokaa juu ya kichwa badala ya kukaa ubavuni, jinsi mtu anavyopapasa mahali mlango ulipokuwa. Alieleza taratibu, kwa sauti ya darasani. Alipomaliza aliwaambia, "Hii taa ya kijani, musiiamini. Kila saa mutu moja ashuke na macho yake. Muniapie." Waliapa, wengine kwa Biblia na wengine kwa Mungu tu, huku wanasukumana na kucheka. Kaka yangu alinikuta baadaye akasema, "Huyu muzee wenu iko mugonjwa. Tunashukia nini kila saa na masini iko?" Nikacheka naye. Nilikuwa na haraka ya kuondoka pale.

Wiki tatu zilipita. Tulikuwa na kisanduku cha nne mezani, pacha wa vile vitatu, na kila asubuhi saa nne Mwalimu alitumbukiza waya wake kwenye beseni la maji. King'ora kililia, Mama Vitenge alitukana nyuma ya pazia, na siku ikaanza. Jumanne moja alitumbukiza waya, kukawa kimya. Taa ilikuwa kijani.

"Imeganda," nilisema. "Zamu ataiamsha."

Alianza kuhesabu. Alihesabu kwa Kifaransa, polepole, kidole chake kikigonga meza. Alifika thelathini. Alifika sitini. Alipofika mia aliacha.

"Zamu iko wapi?"

Nilifungua orodha ya maswali kutafuta zamu, na swali lake halikuwepo. Sikukuta hapana. Swali lenyewe lilikuwa limetoweka. Hapo ndipo nilipoelewa. Kwenye kisanduku chetu, zamu alikuwa anaishi ndani ya ile chipu ya kuchaji betri. Mtengenezaji aliviweka pamoja kubana nafasi. Nilipozima chipu, orodha ikaiondoa pamoja na mkaaji wake, kimyakimya, kwa kuwa haiulizi maswali ya nyumba iliyobomolewa. Programu yetu ilikuwa imeandika mstari mmoja tu wa kulalamika kwamba haimwoni zamu, ndani ya rekodi zake, ambazo mimi ndiye niliyetakiwa kuzisoma.

Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yangu. Ameona.

"Nani alijibu hii?"

Nilikuwa na umri wa kutosha kusema mimi. Nikasema, "Sikumbuki, Mwalimu."

Alitazama pazia. Mama Vitenge alikuwepo, tulisikia mkasi wake. Kisha Mwalimu akavuta daftari la bluu, akaandika mstari mmoja, akalifunga na kuweka mkono juu yake. Sikuona alichoandika na sikuthubutu kuuliza.

"Kaka yako iko wapi leo?"

"Wametoka Kigoma jana. Na saruji."

Meli mbili nyingine zilikuwa zimefungwa gatini. Ya kaka yangu ndiyo iliyokuwa majini. Nilipiga simu yake nikasikia ile sauti ya kike inayosema mtu huyo hapatikani. Nilipiga tena. Nilipiga labda mara ishirini tukiwa njiani kwenda bandarini, na kila mara ile sauti ilikuwa na upole uleule.

Tulingoja pale tangu kabla ya adhuhuri. Nimeogopa mara nyingi maishani, tumepita vipindi vyetu hapa mjini na sihitaji kuvieleza, lakini zamani niliogopa watu. Siku ile niliogopa kidole changu mwenyewe. Nilikitazama. Nilifikiria jinsi nitakavyoingia nyumbani na mama atakavyoniuliza kama nimekula. Makuli walikuwa wanashusha mafuta ya mawese na kuimba, na mmoja akaniuliza kama naumwa.

Mwalimu alikuja hadi ukingoni. Mtu asiyeweza kula samaki akisikia wimbi alisimama pale penye zege linaloishia majini, ameshika nguzo ya chuma ya kufungia kamba kwa mikono yote miwili, miguu imeachana, midomo inasoma dua. Maji yalikuwa yanapanda na kushuka chini ya viatu vyake. Alikuwa na rangi ya majivu. Nilimwambia akae mbali, nitamwita. Akajibu bila kugeuka, "Acha. Ni lazima nione."

Meli ilikuja saa kumi. Ilikuja chini mno, ikiwa imelalia ubavu kidogo, pampu inatema maji kando. Kaka yangu aliruka nchi kavu kabla kamba hazijafungwa, suruali imelowa hadi magotini, na alikuwa na hasira.

"Ile kitu yenu haikulia hata mara moja," aliniambia. "Taa iko kijani mpaka sasa, enda uone. Mayi ilikuwa imefika hapa." Akaonyesha goti.

"Mulijuaje?"

"Si tulikuwa tunashuka? Kila saa." Akamtazama Mwalimu kwa chuki kabisa. "Huyu alituharibu vichwa. Wenzangu wote wanaona ile mulango yake. Hakuna mutu anaweza kukaa juu akatulia bila kushuka kuangalia."

Mwalimu aliachia ile nguzo, akaenda pembeni nyuma ya mapipa, nikamsikia anatapika. Aliporudi alikuwa amejifuta uso, akamwendea wakala aliyekuwa amefika akipiga kelele, akamwambia mbele ya watu wote, "Kosa ni yangu. Mi ndiyo nilijibu." Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Watu wote walimtazama yeye.

Visanduku vyote vilirudishwa kabla ya wiki kwisha. Kazi ya bandarini ikafa. Makuli wakampa Mwalimu jina, Mzee wa Taa, na walimwita hivyo hata akipita na wajukuu zake. Mimi nilibaki miezi miwili zaidi, tukitengeneza redio na chaja. Hakunisema wala hakuninunia, na sukari aliendelea kuificha. Halafu nikapata kazi kwenye ofisi moja mtaa wa Kigobe, nikamuaga kwa haraka, na tangu hapo nilikuwa nikipita barabara nyingine kila nilipokuwa na shughuli Bwiza. Kaka yangu aliacha meli, ana duka la vipuri sasa. Mama hajui lolote. Ninapowaona wawili hao wanakula pamoja, mara nyingine inabidi nitoke nje kidogo.

Mwaka huu Mama Vitenge alinipigia simu. Alisema Mwalimu macho yamemwisha, presha ya macho, na anahitaji mtu wa kumsomea. Nikamwambia nina kazi nyingi. Akasema, "Anakuuliza we. Hajauliza mwingine."

Nilikwenda Jumamosi asubuhi. Nyumba yake iko mitaa miwili kutoka karakana ya zamani. Binti yake alinikaribisha akaniachia kiti. Mwalimu alikuwa amekaa mlangoni, viatu miguuni, kichwa kimeelekea mwanga. Amekonda. Mkoba ulikuwa kando yake, na juu ya mapaja daftari la bluu.

"Assalaam alaykum, Mwalimu."

"Wa alaykum salaam. Unanenepa," alisema. "Nasikia kwa hatua."

Ulikuwa uongo, nikacheka, na moyo ukatulia kidogo. Akaninyooshea daftari. Alisema anataka kusikia lote tangu mwanzo. Macho yalipokuwa mazima alikuwa akilipitia kila mwaka, kukumbuka kama kuna hapana aliyoisahau. "Soma na jina, na mwenye kulia. Usiruke."

Nilisoma. Printa, hapana, Mwalimu, hakuna. Usukani wa michezo, hapana, mimi, watoto wa jirani, naye akatabasamu. Muziki wa baa ulianza mbali, kwa hiyo nikajua ni saa nne. Kila ukurasa niliougeuza ulinipeleka kwenye ule niliokuwa sijauona, na nilianza kusoma polepole ili nisifike. Alisikia.

"Endelea."

Ulikuwa mstari wa mwisho wa ukurasa. Chipu ya kuchaji betri. Hapana. Katika safu ya tatu alikuwa ameandika jina lake. Katika safu ya nne, mahali pa kumtaja mtu, palikuwa na maneno mawili, *mama yake*, na maneno hayo yalitanguliwa na jina langu: aliyetajwa kwamba atalia ni mama yangu.

Nilitazama tena ule uongo mmoja wa daftari zima. Aliuandika siku ileile, akaufunika kwa mkono, mimi nikiwa nimekaa mbele yake na kusema sikumbuki.

"Soma, mwanangu."

"Chipu ya kuchaji betri," nilisema. "Hapana." Nilipofika safu ya tatu sikusoma jina lililoandikwa. Nilisoma langu, lote, la baba na la ubatizo. Kisha nikasema, "Peke yangu. Mama Vitenge sikumwita."

Binti yake alipita na ndoo, akatutazama, akaendelea na kazi zake. Mwalimu alipapasa hewani hadi akaupata mkono wangu, akaupapasa hadi akakipata kidole cha shahada, akakishika.

"Siku ile uliogopa?"

"Niliogopa, Mwalimu. Bado naogopa."

"Sawa," alisema. Hakuachia kidole. "Sahihisha hiyo safu, halafu soma ukurasa yenye kufuata. Tulibakiza maswali mingi."

Nilitoa kalamu, nikakata jina lake, nikaandika langu juu yake kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia alikuwa nao yeye. Ukurasa uliofuata ulikuwa mtupu. Nilitafuta kwenye simu ile orodha ya zamani, nikalikuta swali la kwanza ambalo hatukuwahi kulijibu, nikalisoma kwa sauti, nikangoja aniulize nani atalia.